Kuku mzee kagoma kula? Shika gole kwanza kabla hujamlazimisha

Unamwaga pumba asubuhi, kuku wote wanakuja mbio. Yule mama yao mzee anabaki amesimama kando ya ukuta, kajitutumua manyoya, macho kayafumba nusu. Jirani wa kwanza kupita anakwambia mchinje, huyo kashazeeka. Wa pili anakwambia mpeleke sokoni leo leo kabla hajakufia.

Subiri kidogo. Uzee peke yake haumfanyi kuku aache kula. Unaweza kumfanya ale kidogo au achelewe kufika kwenye chombo, lakini kuku anayekataa chakula siku nzima ana sababu, na sababu nyingi unaweza kuzigundua mwenyewe kwa mikono yako ndani ya dakika kumi. Baadhi ni ndogo, zinaisha kwa maji safi na uji. Nyingine, kama kideri, zinaweza kufagia banda lako na la jirani ndani ya wiki moja.

Kwa familia nyingi za Musoma vijijini, Bunda na Butiama, tetea mzee si wa kuchezea. Ndiye anayejua kulalia mayai bila kuyavunja, ndiye anayewakinga vifaranga na mwewe, na watoto wake ndio wanaouzwa ikitakiwa hela ya daftari au nauli ya kwenda hospitali. Kwenye mabanda ya mayai ya biashara kuku huondolewa akiwa na takribani wiki 72 hadi 80. Wa kienyeji anaweza kwenda miaka mitano na zaidi, akitaga kidogo kidogo. Kwa hiyo inalipa kumkagua kabla ya kumkatia tamaa.

Hali, au anazuiwa kula?

Hili ndilo watu wengi hulipita. Kuku wana madaraka yao. Tetea akizeeka, akipungukiwa nguvu au jicho moja likianza kufifia, mitetea michanga humshusha cheo. Akisogea kwenye chakula anadonolewa kichwani, akirudi anadonolewa tena, mwisho anajifunza kukaa mbali. Ukimwangalia kwa mbali unasema kapoteza hamu ya kula, kumbe ana njaa kali.

Jaribio lake ni rahisi. Mtoe, mweke peke yake mahali penye kivuli, mpe kiganja cha mtama na maji. Akila fasta, huna mgonjwa hapo, una kuku anayeonewa. Mpe sahani yake, mlishe kwanza kabla ya wenzake, au weka vyombo viwili vilivyo mbali ili wababe wasiweze kulinda vyote.

Akidonoa punje halafu akaidondosha, shida iko mdomoni. Akikitazama chakula na kugeuza kichwa, endelea kumkagua.

Kuna hali mbili zisizo ugonjwa. Kuku anayelalia mayai hutoka kwenye kiota mara moja au mbili kwa siku, anakula dakika chache na kurudi, kwa siku 21. Atakonda, ni kawaida, wewe msogezee chakula na maji karibu. Na kuku anayenyonyoka manyoya ili aote mapya hupoa, huacha kutaga na hula kwa kuchagua. Huyo anahitaji protini zaidi, wala si dawa.

Shika gole

Gole ni kile kifuko cha chakula chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Lishike mara mbili: jioni kabla hajaingia kulala, na alfajiri kabla hajala chochote. Jioni linatakiwa liwe limejaa. Alfajiri linatakiwa liwe tupu, kwa sababu usiku kucha chakula kinashuka.

Kama alfajiri bado limejaa na ni gumu kama mpira wa tenisi, kuna kitu kimeziba. Huwa ni majani marefu makavu, uzi wa katani au wa nyavu, kipande cha mfuko wa plastiki, au nafaka kavu aliyoila nyingi kwa mpigo bila maji. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria vipande vya nyavu vimetapakaa kila mahali, na kuku hudonoa chochote.

Kuku wa namna hii usimwongezee chakula. Kumsukumia uji juu ya gole lililoziba ni kumziba zaidi. Mnyime chakula saa 12 hadi 24, maji aendelee kupata. Mpe kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kidogo kidogo, kisha mkande gole taratibu kwa vidole, dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Likianza kulainika na kupungua, mwanzishie uji mwepesi. Lisipobadilika siku ya pili, tafuta mtaalamu wa mifugo. Linaweza kupasuliwa na kusafishwa, lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu, wembe wa nyumbani uache.

Likiwa limejaa lakini laini, linabonyea kama puto lenye maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani. Hapo pia msimamishie chakula kwa siku moja, kisha urudi na vyakula vyepesi visivyo na sukari. Wapo wanaomwinamisha kuku kichwa chini ili atapike. Sishauri. Maji yakiingia kwenye njia ya hewa anakufa mikononi mwako.

Gole tupu kabisa jioni maana yake ni kwamba hajala kitu mchana kutwa. Nenda hatua inayofuata.

Fungua mdomo, kisha pitia mwili mzima

Mdomoni tafuta vidonda, utando mweupe au wa njano, na harufu. Ndui ya kuku huweza kutoa vidonda ndani ya mdomo hadi kumeza kukawa shida. Upungufu wa vitamini A nao huleta vipele vyeupe mdomoni na macho yenye tongo, hasa kiangazi majani yanapokauka na kuku wakabaki na pumba tupu. Angalia pia mdomo wa juu. Kuku mzee asiyeparua sana ardhini mdomo wake hurefuka na kupinda, akidonoa haushiki kitu. Unakatwa ncha tu kwa kifaa cha kucha, kidogo kidogo, usifike kwenye nyama.

Sasa upanga wa kichwani. Ukiwa umepauka, mshuku wanyonyaji damu. Viroboto hung'ang'ania kuzunguka macho na upanga, utawaona kama vidoa vyeusi. Wapake mafuta mazito ya kujipaka, watakosa hewa na kudondoka, ila usiyaingize jichoni. Utitiri ni mjanja zaidi, mchana hujificha kwenye nyufa za miti na usiku ndio hutoka. Ingia bandani saa tatu usiku na tochi ya simu, chunguza sehemu wanapolala.

Shika mfupa wa kidari. Ukiwa umechongoka kama kisu, kuku huyu hajaanza kukonda jana. Minyoo inawezekana sana kwa kuku wa kuzurura. Dawa ya minyoo ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo, lakini ipimwe kwa uzito wa kuku, na kuku aliyedhoofu sana apewe nguvu kwanza siku mbili tatu.

Mwisho ni tumbo la chini. Akiwa anasimama wima, anakaza na mkia unapanda na kushuka, huenda yai limekwama. Mwogeshe sehemu ya nyuma kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, mkaushe, mweke mahali penye giza na utulivu. Usilibonyeze yai, likipasukia ndani ni msiba. Lakini tumbo likiwa limevimba na kulegea kama mfuko wa maji, mara nyingi ni maradhi ya njia ya uzazi yanayowapata matetea wazee, na ukweli ni kwamba nyumbani hakuna la maana la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso.

Hapa acha kila kitu, piga simu

Kinyesi cha kijani chenye maji, kukoroma au kuhema mdomo wazi, shingo kupinda, bawa au mguu kupooza, na hasa kuku zaidi ya mmoja kupoa siku ile ile: hiyo ni picha ya kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Kwenye kundi lisilochanjwa kinaweza kuua karibu wote, na dawa ya kukitibu haipo. Antibayotiki hazigusi kirusi.

Mtenge huyo kuku mara moja, mhudumie wa mwisho baada ya wazima, nawa mikono na viatu, mjulishe afisa mifugo wa kata au kijiji. Waliokufa wachomwe au wafukiwe shimo refu, wasitupwe kichakani wala kwa mbwa.

Na hapa ndipo lile shauri la "muuze leo" linapokuwa baya kweli. Kuku mmoja mwenye kideri akiingia kwenye tenga la mchuuzi, anakaa na wengine kumi. Mchuuzi anapita vijiji viwili, anashusha sokoni, wasionunuliwa wanarudi nyumbani kwa mtu mwingine. Ugonjwa unasafiri kwa baiskeli na bodaboda bila kulipa nauli. Shilingi elfu kumi na kitu ulizookoa zinakuwa hasara ya mtaa mzima, na mara nyingi zinakurudia mwenyewe.

Kinga yake ni nafuu kuliko kuku mmoja. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto inatengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, na madukani inajulikana kwa jina la TEMEVAC. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inachanja kuku wengi, ndiyo maana majirani wakichanga wananunua pamoja na kuchanja siku moja. Juni 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu, na ikatangaza kwamba kuku watachanjwa bure. Muulize afisa mifugo wako ratiba ya kwenu. Kumbuka tu kwamba chanjo ni kwa kuku wazima, aliyeshaugua haitamponya.

Dalili nyingine ya kukimbilia simu: kuku kadhaa kutokwa mate, kutetemeka na kuanguka muda mfupi baada ya shamba la pamba kupigwa dawa. Bunda ni eneo la pamba, na kuku hupenda wadudu walioanguka chini ya miche iliyopuliziwa. Wafungie siku za kupuliza, yako na ya jirani.

Maji kabla ya chakula

Kuku mkubwa hula takribani gramu 100 hadi 120 kwa siku na kunywa maji karibu mara mbili ya uzito huo, kama robo lita, na siku ya jua kali zaidi ya hapo. Asiyekunywa hawezi kula, nafaka kavu haishuki bila maji.

Sasa tazama maji yenyewe. Kopo la bati lililoachwa juani huko Musoma saa nane mchana lina maji ya moto, kuku hayataki. Tumia kigae au chombo cha udongo, kiweke kivulini, badilisha maji mara mbili kwa siku, safisha ule utelezi wa kijani. Kwa kuku dhaifu, changanya lita moja ya maji safi, vijiko viwili vya chai vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi. Mpe kwa siku moja tu, kisha rudi kwenye maji ya kawaida. Kama gole lake limechacha, sukari iache.

Asipokunywa mwenyewe, chovya kidole kwenye maji, pitisha pembeni ya mdomo wake tone litelezee ndani. Usimimine nyuma ya ulimi, pale kwenye shina lake ndipo tundu la njia ya hewa lilipo.

Chakula cha kumrudishia hamu

Gole likiwa linashuka vizuri na huna dalili za hatari, anza na uji mzito: vijiko vitatu vya chakula vya unga wa dona, kijiko kimoja cha dagaa waliosagwa, maji ya uvuguvugu mpaka ushikane bila kutiririka. Joto kidogo huamsha harufu na humrahisishia kumeza. Ukiwa na yai, lichemshe, liponde, mchanganyie robo yake. Watu hushangaa kuku kulishwa yai, lakini kwa mgonjwa ni protini laini kuliko zote zilizopo nyumbani.

Kuhusu dagaa, Mara tuna bahati nao, ila wana mitego miwili. Wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga mwingi kwenye gole la kuku asiyekula vizuri ni mzigo. Wapepete, au wasuuze na kuwaanika upya juu ya turubai. Mtego wa pili ni chumvi. Dagaa waliotiwa chumvi kwa ajili ya kuhifadhiwa usimpe, chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Kwa mgonjwa wasage kabisa, vichwa vikavu vinachoma.

Mchwa na kumbikumbi wanafanya kazi ambayo chakula cha dukani hakifanyi. Kuku aliyekataa sahani nzima anaweza kusimama kumfukuza mchwa mmoja, kwa sababu kinachotembea kinamwamsha. Geuza chungu chenye kinyesi cha ng'ombe na mabua juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi unavuna. Mtupie mmoja mmoja mbele ya macho, halafu sogeza uji karibu.

Majani mabichi yakatwe vipande vidogo sana: mchicha, mlonge, mgagani. Yanarudisha vitamini A. Kipande cha papai lililoiva au tikiti kinasaidia siku ya joto.

Vya kuepuka ni vichache ila muhimu. Mahindi au pumba zenye ukungu usimpe hata kama "ni kwa kuku tu", sumukuvu huharibu ini, na ndiyo sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mabaki ya ugali wa udaga yanashibisha lakini hayana protini ya maana, na muhogo mchungu mbichi una sumu. Mashudu ya pamba, ambayo kwa Bunda si kitu adimu, yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, kwa hiyo kwa kuku mgonjwa chagua ya alizeti. Chakula cha dukani cha kuku wa mayai kimejaa madini ya chokaa, na tetea aliyekwisha acha kutaga hayahitaji yote hayo, yanazielemea figo. Bora maganda ya mayai yaliyochomwa na kupondwa yakae kwenye kisosi pembeni, anayeyahitaji atadonoa mwenyewe.

Mpe kidogo mara nne kwa siku, vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kila mara. Uji uliokaa saa mbili juani umeshaanza kuchacha, mwaga. Akianza kurudi kwenye nafaka nzima, kama umemfungia kwenye boksi, mwekee changarawe ndogo. Firigisi inasaga kwa mawe, na kuku wa ndani hana pa kuyaokota.

Dawa za mtaani

Shubiri, pilipili, mwarobaini, kitunguu saumu, hata pombe kali. Kila mtaa una fundi wake. Shida yangu na shubiri kwenye maji ni moja tu: ni chungu. Kuku ambaye tayari hanywi, unamtilia uchungu kwenye chombo pekee cha maji alichonacho, anaacha kabisa. Ukitaka kujaribu, weka vyombo viwili, kimoja cha maji matupu. Pombe usimpe.

Antibayotiki nazo zisiwe za kubahatisha. Vidonge vilivyobaki vya mtoto au unga wa rangi ya njano alioutumia jirani mwaka jana haviponyi gole lililoziba, minyoo wala kideri.

Ukiamua kumchinja

Ni haki yako, na wakati mwingine ndiyo busara, hasa kwa yule wa tumbo la maji au aliyekonda wiki nzima bila nafuu. Ila tenganisha mambo mawili. Kuku aliyezeeka akiwa mzima ni mboga. Kuku mwenye dalili za ugonjwa wa kuambukiza, au aliyekutwa amekufa, asiingie jikoni: kumnyonyoa na kumpasua kunakuweka wewe na watoto kwenye hatari. Aliyepewa dawa asubiri mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, kwa nyama na kwa mayai pia.

Asiyekula wala kunywa kwa siku mbili licha ya yote haya, mpe mtaalamu amwone siku hiyo hiyo. Ukipiga simu, taja umri wake, siku alizokaa bila kula, rangi ya kinyesi, gole lilivyokuwa alfajiri, tarehe ya chanjo ya mwisho na kama kuna wengine waliopoa. Hayo sita yanaokoa nusu ya maswali.

Na akipona, usimrudishe bandani mchana kweupe. Atashambuliwa kama mgeni, hata kama alikuwa nje siku nne tu. Mpandishe kwenye kichanja usiku wenzake wakiwa wameshalala, asubuhi wanaamka naye, na sahani yake ya pembeni iwe tayari kabla hujafungua mlango.